Weusi wa Kweli

Babu Bogumił alikaa miaka thelathini na mmoja
katika chumba kisicho na dirisha, tundu tu,
akiwarushia watu wa Łódź mwanga juu ya vichwa vyao.
Wao walitazama filamu. Yeye alitazama kasoro:
ukungu wa lenzi, mkwaruzo, unywele ulionasa.
Hata leo akiingia kanisani hukagua taa kwanza.

Sasa ana runinga pana kuliko meza ya kulia
na huduma tatu nilizomlipia mwezi mmoja wa majaribio.
"Tutabakiza moja," nilimwambia. "Chagua wewe."
Laiti ningejua.

Alitoa daftari la hesabu za gesi, akachora mistari.
Akaniamuru nifunge mapazia,
ingawa Novemba yetu haihitaji pazia.
Akatafuta filamu moja inayopatikana kote kutatu,
na ndani yake dakika moja tu:
mwanamke anashuka ngazi za stoo, anawasha kiberiti.

Huduma ya kwanza, zloti ishirini na tisa.
Kiberiti kikawaka, giza likavunjika vigae,
miraba ya kijivu ikatambaa ukutani
kama giza lililonunuliwa kwa awamu.
"Hili si giza," Babu akasema. "Hii ni supu ya jana."
Akaandika: tatu. Kati ya kumi.

Ya pili, arobaini na tatu,
ilianza vizuri, kisha jirani wa ghorofa ya nne
akarudi kazini, akawasha mitambo yake,
na uso wa mwanamke ukayeyuka kama jibini,
ukarudi,
ukayeyuka.
Tano na nusu. Ile nusu ya huruma.

Ya tatu, sitini na saba.
Hapo Babu hakusema kitu.
Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.
Weusi ulikuwa weusi, mzito, wenye kina cha kisima,
na pembeni, ndani yake, palikuwa na pipa la kabichi
ambalo kwenye zile mbili halikuwapo kabisa.
"Pipa," akanong'ona. "Filamu hii nimeionyesha mara mia mbili.
Nilikuwa nimelisahau lile pipa."
Tisa. Kumi hampi aliye hai.

Nikapiga hesabu: kwa mwaka, mia nane na nne.
Nikamtajia dawa za presha. Nikamtajia buti.
Alikuwa keshaishika rimoti
kama mtu aliyeshika mkono wa mchumba.
Kizuri chajiuza, nikajisemea, nikatafuta kadi ya benki.

Ndipo Bibi Stefania akauliza toka kochini:
"Huyu anasema nini? Mbona simwelewi?"

Watu husema macho hayana pazia.
Ya Bibi yanalo: mtoto wa jicho, yote mawili,
na foleni ya upasuaji haimfikii kabla ya Aprili.
Kwake vigae na pipa na kiberiti
ni nuru tu inayopita kwenda mahali.
Maandishi ya chini hajayasoma tangu Pasaka.

Na ile ya sitini na saba ina maandishi tu.
Ile ya ishirini na tisa ina msomaji,
yule bwana mmoja mwenye sauti kavu
anayemsemea kila mtu kwa Kipolandi,
muuaji, mjane, mtoto wa miaka sita,
bila kupanda wala kushuka,
kama anasoma bili ya maji.
"Mrudishe yule bwana," Bibi akasema.
"Mimi picha yangu ni yeye."

Babu alilitazama daftari muda mrefu.
Hakufuta kitu. Tatu ilibaki tatu.
Akakata mstari chini yake, akalifunga.

Jumamosi niliwakuta gizani, giza lile la vigae,
bwana akisoma, Bibi amefumba macho.
Mwanamke akaanza kushuka ngazi.
"Kushoto kwake kuna pipa," Babu akamwambia. "La kabichi."
"Limefunikwa?"
Babu akanyamaza.
Akanigeukia, akaninong'oneza
kama siku za majaribio zimekwisha zote.
Zilikuwa zimebaki mbili.