Unene wa Milimita Mbili

Ngumbao anasimama mbele ya karakana yangu, Maweni,
hazimi injini, hashuki hata.
"Nyevu, nikazie tu. Nina mzigo wa Mambrui."
Namuuliza, inashika?
"Inashika."
Inashika lini?
Anacheka. Nazima injini mwenyewe, ufunguo natia mfukoni.

Nakanyaga: kanyagio linazama kama mguu topeni,
halafu, chini kabisa, linakumbuka kazi yake.
Nati ya kurekebishia imefika mwisho wa uzi.
Imekazwa na kila aliyekuwa na haraka,
yeye, kaka yake, kijana wa petroli kule Ngala.
Hapana pa kukazia tena.

Spana kumi na saba. Ekseli inatoka kwa nyundo
na maneno ambayo mama asiyasikie.
Nafungua ngoma.
Harufu ya kilichoungua, na chumvi ndani yake,
maana Malindi hii kila chuma kina chumvi,
hata kisichokwenda ufukoni.
Vumbi jeusi. Silipulizi.
Bwanaheri aliyenifunza alilipuliza miaka thelathini,
akaondoka akikohoa. Mimi nafuta kwa kitambaa kibichi.

Viatu viwili, hilali mbili zinazotazamana.
Kimoja kimeliwa mpaka kwenye bati.
Kingine, nakigeuza juani,
kimewekewa kipande cha mkebe
hapo kisiginoni, kinapogusana na kamu.
Mkebe wa nyanya: nusu nyanya, bado nyekundu,
na herufi tatu.

Naujua mkebe huo.
Nyanya zile nilizila mimi.
Nilikata kwa mkasi wa kushonea, masika, hana pesa,
nikamwambia, itakufikisha mwisho wa mwezi.
Huu ni mwezi wa nne.

Watu husema ajali haina kinga.
Mimi kinga nimeipima kwa ukucha:
ina unene wa milimita mbili,
yauzwa mia nne dukani kwa Famau,
mia tatu na hamsini ukimwamkia kwanza.

Ngumbao anautazama mkebe, hanitazami mimi.
"Juzi," anasema, "nilimpakia Jumwa, mbele, kwenye tangi.
Mbuzi wa watu akaingia barabarani.
Nikakanyaga.
Nikasubiri."
Hamalizi. Mbuzi alipita, nadhani.
Mbuzi ndiye aliyeshika breki.

Sina la kusema, kwa hiyo napiga msasa.
Ndani ya ngoma napapasa kwa kidole
kama atafutaye mwiba kwenye unyayo wa mtoto.
Springi moja imelegea; natupa zote mbili.
Grisi kwenye kamu, tone tu,
ikigusa kiatu umemuuzia mteja utelezi.
Viatu vipya naviingiza pamoja,
vimekunjwa kama kitabu kilichofumbwa nusu.
Nati, fimbo, nazungusha tairi, nasikiliza.
Shh. Shh. Imezidi.
Narudisha nusu mzunguko.
Breki nayo yataka nafasi ya kupumua,
la sivyo itashika njia nzima, ichoke kabla ya kuhitajiwa.

"Mzigo utachelewa."
Uchelewe.

Naiendesha mwenyewe mpaka juu ya mteremko wa Sabaki,
daraja kule chini, maji rangi ya chai,
kiboko mmoja, au jiwe.
Naachia. Arobaini. Hamsini. Leso inapiga mgongoni.
Nakanyaga,
na pikipiki inaketi kama mgeni aliyekaribishwa.
Narudia. Mara ya tatu naacha alama lamini,
fupi, nyeusi. Nashuka kuitazama.
Lori la chumvi linanipigia honi. Nalitazama nalo.

Nikirudi, haulizi bei, nami siitaji.
Anauliza, "Ule mkebe umeuweka wapi?"
Namwonyesha ukutani, juu ya spana,
kwenye msumari ambako wengine hutundika kalenda.
"Utoe," anasema.
Hapana.
Huo ni wangu.