Kamba ya Jezi
Bonde la Cwm Sarn, Welisi, msimu wa 1930

Jezi hazikuwa na namba miaka ile.
Nilizijua kwa jasho,
kama mama amjuavyo mwanawe kwa kikohozi gizani:
hii inayonuka tumbaku ni ya Tudgay, winga wa kushoto;
hii iliyochanika kwapani ni ya Ifor Maddocks,
beki asiyejua kuomba radhi;
na hii ya kijani, ya sufu nzito, viwiko vimetoboka,
ni ya kipa wetu Elwyn Bebb,
aliyeanguka mara nyingi kuliko mvua.

Zile kumi nyingine zilikuwa nyeupe.
Nani aliwaza jambo hilo,
katika bonde ambamo hata theluji
hufika chini imekwisha kuvaa kijivu?

Agosti niliwekewa mezani shilingi tano kwa wiki.
Bwana Mordecai Pask, mweka hazina, alizihesabu kwa sauti
ili hata paka asikie kuwa klabu ina fedha.
Septemba tukafungwa manne. Tukafungwa tena matatu.
Oktoba mgodi wa juu nao ukafungwa,
na neno lile lile, kufungwa,
likahama uwanjani likaja jikoni kwangu,
likavuta kiti, likakaa kando ya mume wangu
na halikuondoka.

Mlangoni, palipopita watu elfu kumi,
wakapita mia tisa.
Waliobaki walipanda kifusi cha mgodi, nje ya ukuta,
mikono mifukoni, wakatazama bure.
Polisi alitumwa kuwashusha.
Alipanda, akageuka, akaona Tudgay ana mpira,
akabaki huko huko hadi filimbi ya mwisho.

Novemba tano zikawa tatu.
Desemba nikalipwa tiketi mbili za jukwaani
na samahani.
Samahani haitoi povu.
Nilifua.

Nikwambie kuhusu Januari, maana Januari tulishinda.
Walikuja vijana wa mji wa pwani, vinara wa ligi,
buti zao zimepakwa mafuta, wakatema mate
walipoona uwanja wetu ulivyoinama upande mmoja.
Dakika ya themanini Maddocks alipiga mpira popote,
ukamgonga Tudgay sikioni, ukaingia.
Moja bila.
Wiki nzima lile sikio lilinunuliwa bia.
Mume wangu alicheka, nikaogopa:
nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo la jino.

Machi wakamuuza Maddocks Uingereza, pauni mia tatu.
Zikaziba paa la jukwaa ambalo halikuwa na mtu chini yake.
Mshahara wa wachezaji ukakatwa, kisha ukakatwa
mahali palipokwisha kukatwa.
Mechi ya mwisho tulicheza na kipa wa kuazima,
mtoto wa mwoka mikate, amevaa sweta la baba yake,
kwa sababu Elwyn Bebb alikuwa ameondoka usiku
kwa treni ya Coventry, huko wanakounda magari.
Inasemekana koti lake lilikuwa nene kupita kawaida
kwa mwezi wa Mei.

Juni mabwana wa ligi walikutana London hotelini,
wakala kwanza, wakapiga kura baadaye.
Tulipata kura nane.
Nafasi yetu wakapewa wengine, wa mji wenye taa za umeme.

Hakuna aliyeniagiza, lakini nilichemsha maji,
nikafua msimu wote kwa mara ya mwisho,
magoti, matope, damu kidogo ya mtu nisiyemkumbuka,
nikazianika kambani.
Nyeupe kumi.

Bwana Pask akaja na daftari, anahesabu mali ya kuuza.
Akahesabu. Akahesabu tena.
"Ya kipa iko wapi?"
Nikamwambia imechukuliwa na upepo.

Bonde zima linajua upepo wetu
hauwezi kuinua sufu iliyolowa.
Pask alinitazama, akatazama kamba,
akalowesha ncha ya penseli ulimini,
akaandika: upepo.