Majina Matano

Mchungaji Lumwaji alinipa daftari
la mistari ya buluu, jalada lake twiga.
Jumapili nataka majina matano, akasema,
watu watano waliolisikia Neno.
Hata wakibisha, andika.
Nikashuka mteremko wa Mbale asubuhi,
viatu vimepigwa brashi, Injili kwapani,
ulimi nimeunoa kama panga la kupogolea chai.

Wa kwanza akawa Kageha.
Ameketi juu ya gunia, miguu ameinyoosha,
mbele yake pete ya mpira wa tairi,
ndani ya pete jiwe,
juu ya jiwe nyundo.
Mirembe, nikasema.
Mirembe, akaitika, na jiwe likapasuka.

Nikaanza pale tulipofundishwa kuanzia:
Mama, ukifa usiku wa leo, utaamkia wapi?
Akapuliza vumbi kwenye kidole gumba.
Nikifa usiku wa leo, akasema,
ndoo kumi na saba za kesho atazijaza nani?
Lori la Chavakali linakuja saa mbili.
Kuna nyundo nyingine hapo chini ya mfuko wa saruji.
Mwenye mdomo ana mikono.

Nikavua koti.

Jiwe halijali umesoma chuo gani cha Biblia.
Pigo la tatu lilinipata kidole.
Kageha akacheka hadi leso ikamvuka kichwani:
Kumbe mlokole naye hutoka damu!
Haba na haba hujaza kibaba, nikajipa moyo,
ila kibaba chenyewe kilikuwa ndoo ya rangi, lita ishirini,
na kila nilipodhani imejaa aliitikisa,
kokoto zikajipanga, zikashuka,
ikabaki nafasi ya ngumi.

Jua la utosi. Akatoa kiazi kitamu
kwenye jani la mgomba, akakimega,
kipande kikubwa akanipa mimi.
Nilikumbuka kukiombea nikiwa nimeshameza.

Ndipo akauliza, macho kwenye jiwe:
Mwanangu Amugune alifukiwa na udongo
Ikolomani, kwenye shimo la dhahabu, mvua za mwezi wa nne.
Hakubatizwa. Jumapili zake zilikuwa za karata.
Siku ya tatu wakamtoa.
Alikuwa bado amekufa.
Mkono wake umeushika mkono wa mtoto wa watu,
ikabidi wawatenganishe kidole kwa kidole.
Sasa wewe, kwenye hilo daftari,
yeye umemweka ukurasa gani?

Jibu nilikuwa nalo.
Lilichapishwa, kijitabu, ukurasa wa sita.
Nikajaribu kulinyanyua, likanishinda.
Jiwe angalau lina mahali pa kugonga.
Nikasema: Sijui.

Nyundo yake ikasimama hewani.
Akanitazama, mara ya kwanza tangu asubuhi,
kama mtu anayeinua noti kwenye mwanga
kuona kama ni ya halali.
Sijui, mama, nikarudia.
Namwamini yeye anayejua.
Na yeye pia
aliwahi kuona mwanawe akizikwa.

Hm, akasema Kageha.
Nyundo ikashuka.
Hatukusema tena hadi ndoo ya kumi na saba.

Jumapili nilisimama na kidole kimefungwa kitambaa.
Majina?
Hakuna, Mchungaji.
Kanisa likaguna. Dada Vihenda wa kwaya alikuwa na tisa,
wengine hadi namba za simu.

Sikuwaambia alichosema tukiagana,
akijipangusa vumbi la magoti:
Urudi Jumanne.
Na huyo wako uje naye,
kama anaweza kubeba ndoo.

Leo ni Jumanne.
Daftari limebaki mezani, twiga anatazama dari.
Nimenunua glavu pale Majengo, jozi moja tu,
ndiyo pesa iliyokuwepo.
Nasi tutakuwa watatu.
Tutaona.