Jani kutoka Ibra

Bi Shawana kaniletea jani ndani ya mfuko wa dukani,
limekunjwa mara tatu kama karatasi ya kesi.
"Mtende huu ni fardhi," anasema, "fardhi wa kweli.
Chipukizi lake mama yangu alilitoa Al-Qabil
mwaka ule alioolewa. Sasa mpwa wangu Muhenna
anasema ni kokwa tu, imejiotea kando ya falaji.
Wewe una mashine. Mwambie."

Mashine ninayo.
Nina na kiyoyozi kinachonigandisha vidole
huku nje Nizwa inachemka, nyuzi arobaini na sita.
Nalitwanga jani kwenye kinu kisichozidi kikombe cha kahawa.

Mwalimu wangu, enzi zake, alitumia kimeng'enya:
mkasi usioonekana, unaokata kila unapokuta neno lake.
Kisha alipima vipande, virefu na vifupi,
juu ya filamu nyeusi, wiki nzima kwa swali moja.

Mimi nahesabu kigugumizi.
Kuna mahali vinasaba husema ga, ga, ga, ga,
kama mtoto anayelitafuta neno "gari".
Mtende huu hukwama mara kumi na tisa,
wa jirani mara ishirini na mbili.
Vigugumizi kumi na viwili vyatosha
kumtambua mtende hata kabla hajazaa.

Ipo na alama ndogo kuliko hiyo: herufi moja.
Imegeuka moja tu, na baba kawa bata.

Na ipo iliyojificha kwenye ukijani wa jani,
hurithiwa kwa mama, haimjui baba.
Baba wa mtende, hata hivyo, ni mgeni wa kupandishwa kwa kamba,
chavua kwenye kitambaa, na mkulima akishuka
hakuna anayeuliza ilitoka shamba la nani.

Jumatano, majibu.
Ukijani: fardhi, bila shaka.
Vigugumizi: kila mahali nusu yake fardhi,
na nusu, karibu kila mahali, sauti nisiyoijua.
Chipukizi lingekuwa mama yuleyule, herufi kwa herufi.
Huyu ni binti.

Namweleza. Ananyamaza, anakunja mfuko, anaukunjua.
"Siku mbili juu ya punda," anasema,
"na chipukizi lile zito kama mtoto wa miaka mitatu.
Labda lilimfia njiani. Labda alikula tende, akaificha kokwa,
akatuambia alivyotuambia."
Kisha: "Na baba yake?"
"Hajulikani, bibi."
"Basi kama watu."

Nikacheka, halafu nikakumbuka kaunta ya vitambulisho,
kijana mwenye kofia safi akinitazama mdomoni:
Kiarabu chako hiki, umekitoa wapi?
Nilimtajia mababu saba wa Ibra.
Bibi mzaa mama, wa Pemba, sikumtaja.

Fomu ina kisanduku cha jina.
Mtende wa kokwa, kwa desturi, huandikwa gashi,
yaani usio na jina, kuni za kesho.
Bi Shawana anangoja, kalamu ni yangu.
Naandika: Fardhi, kwa mama.
Naongeza mstari chini yake, nauacha wazi.