Gesi Haiishi

Bi Esha Nalinga hunipigia simu jasho likiwa bado shingoni:
"Fundi Mchopa, nyumba imegeuka tanuri. Njoo ujaze gesi."
Mtwara nzima husema hivyo, jaza gesi,
kama mtu anavyosema ongeza chumvi.

Nasimika ngazi. Namwambia nilichomwambia Januari:
gesi haiishi, mama. Si mafuta ya taa.
Inazunguka tu, inakwenda maji, inarudi pumzi,
inalibeba joto la sebule yako na kulimwaga uani kwenye mipapai.
Ikipungua, pana tundu.

Ananitazama kama mtu anayedaiwa mara mbili.

Kwanza chujio.
Mimi husoma chujio kama wengine wasomavyo barua.
La Machi lilikuwa na nywele za wajukuu na unga wa muhogo.
La Julai, manjano tupu: salfa ya mikorosho ya Naliendele
ilipanda upepo, ikaja mjini bila nauli,
ikalala Shangani kwa watu wenye dari.
Nilipiga chafya tisa, Bi Esha akazihesabu kwa sauti.
Leo, Novemba, ni masizi, na uzi mmoja mwekundu
ambao hakuna aliyeukubali.

Kisha mashine ya nje. Kutoka hapa bahari haionekani,
lakini mapezi ya alumini yanaijua,
yanamomonyoka kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai.
Nayaosha kwa maji ya bomba, polepole, kutoka ndani kwenda nje.
Si ya kisima! Kisima cha Shangani ni bahari iliyojificha.

Masika ulikuwa mpira wa kutolea maji:
mjusi aliingia, akafia kwenye kona,
dari likaota doa lenye masikio.
Kipupwe kilipofika akazima kabisa,
"Baridi ya bure ipo, kwa nini niilipie LUKU?"
Nikamwambia washa nusu saa kila Ijumaa,
mashine iliyolala sana huamka na ugonjwa.
Hakuwasha. Nilijua, maana buibui alijenga kwenye feni
nyumba nzuri kuliko yangu ya Chikongola.

Sasa povu. Sabuni ya unga, kikombe, brashi ya kunyolea.
Napaka kiungo, nasubiri, napaka kingine.
Nyuma ya jiko, kwenye kiwiko cha shaba,
kipovu kimoja kinavimba, kinapasuka, kinavimba tena,
kidogo kama dengu.
Bi Esha anainama hadi miwani inamteleza.
"Hako? Miezi yote hii, hako?"
Hako, mama.

Nachomelea. Pampu inavuta hewa yote bombani.
Gesi naipima kwa mizani, gramu kwa gramu,
katikati umeme unakatika, tunakaa, unarudi.
Matundu saba ya darini yanaanza kunong'ona.

"Lile la chumbani kwa Chande lifunge," anasema.
Chande alikwenda Dar es Salaam kazi za gesi zilipopukutika,
njia ile ile ya bomba, anasema mama yake,
na bomba nalo halirudishi.
Namweleza: ukiziba moja, mashine inakabwa koo,
hewa hii imepimwa kwa vyumba saba, haijui nani yupo.
Hajibu. Anaingia, anakaa ukingoni mwa kitanda kilichotandikwa,
anafungua mtandio,
anauacha upepo umpate shingoni.

Kwenye mlango wa kabati la mashine naandika tarehe kwa penseli.
Safu yangu inashuka. Kando yake, kwa mkono wa mtu mwingine,
mistari ya urefu wa mtoto inapanda,
inakoma usawa wa kifua changu.
Naandika: Februari, chujio.
Nafunga mlango polepole, bawaba zina kutu.
Nitakuja na mafuta.