Hoja ya Tisa

Saa kumi na moja alfajiri Lipande anapiga honi moja,
fupi, kama mtu anayekohoa msikitini.
Natoka na begi, chaja mbili, andazi la jana,
kiatu kimoja bado sijakifunga kamba.
Optatus kiti cha mbele: ndiye mkubwa, ndiye mwenye miguu mirefu.
Mimi nyuma na maboksi ya faili,
tunapeana mabega kila kwenye shimo.

Nanyamba tunakunywa chai iliyozidi tangawizi.
Kisha vumbi, lile jekundu letu,
linaloingia hata ulipofunga.
Mikorosho kulia, mikorosho kushoto,
na harufu ya mabibo yaliyochacha
inayonikumbusha kuchapwa.

Ofisi ya chama ni chumba, mzani, na kalenda ya mwaka juzi.
Katibu anatukaribisha kwa soda ya baridi
ambayo si ya baridi.
"Daftari hili, wakaguzi, lilinyeshewa."
Na hili?
"Hilo panya."
Naandika: panya wa Tandahimba
wanapenda sana mwezi wa Desemba.
Optatus anafuta. Anasema ripoti haicheki.

Hoja ya kwanza, mzani.
Hoja ya pili, magunia yaliyotoka bila kuingia.
Tunakwenda hivyo, kalamu nyekundu, kalamu ya bluu,
mpaka ukurasa wa arobaini na moja:
*Nantende, Somoe H.
Kilo mia mbili kumi na sita. Sitandadi.
Malipo:*
na baada ya nukta mbili hizo, karatasi tupu.

"Mbona umesimama?"
Nahesabu, nasema. Kisha nasema tena,
kwa sauti ya mtu aliyekanyaga msumari:
Huyu ni mama yangu.
Optatus haniangalii. Anavuta daftari upande wake.
"Basi ukurasa huu nipe mimi.
Wewe chukua Desemba ya panya."
Ndiyo sheria. Nilifaulu mtihani wake.

Kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo wa bodaboda,
buku mbili, ukipatana.
Lipande alikuwa ameshawasha gari.

Usiku, Mtwara. Nimeoga mara mbili,
taulo bado linatoka na rangi ya kwetu.
Winifrida amethibitishwa kazini, lazima tule Shangani,
mahali penye vitambaa vya mezani
na mhudumu anayeuliza maji gani, kana kwamba maji yana kabila.
Tunapiga picha kwanza. Chakula kinasubiri, kina adabu.

*Kuku wa korosho, elfu ishirini na nane.*
Siwezi kujizuia: nazihesabu.
Kumi na nne, na nusu moja iliyoungua.
Nagawanya, nazidisha, narudi kwenye kilo,
natafuta walipopotelea wengine wote
kati ya gunia la mama na sahani hii.
"Acha kazi ofisini," anasema Winifrida, anacheka,
nami nacheka, nakula zote, na ile iliyoungua.
Zilikuwa tamu. Nisiseme uongo.

Bili inakuja ndani ya kijitabu cha ngozi.
Kila mtu anainama kwenye simu yake, anatuma,
na yangu inaita nikiwa katikati ya namba ya siri.

"Umekula?"
Nimekula, mama.
"Umekula nini?"
Wali.

"Leo walikuja watu chamani, na gari jeupe.
Nimewaona kwa mbali tu, nikitoka kisimani.
Wamekaa mpaka alasiri, maskini, sijui hata kama walipewa maji.
Yule mmoja mwembamba anatembea kama wewe."

Meza nzima wananisubiri mimi. Bado elfu ishirini na nane.

"Nilichemsha ming'oko," anasema.
"Ningejua lile gari linashuka mjini
ningekimbilia barabarani,
ningewapa wakuletee."