Chumvi Haijayeyuka

Usiku, Shimanzi, malori yamelala.
Nimebaki na tanuri na kijiko cha chumvi,
chumvi ya jikoni, ya pakiti ya shilingi ishirini.
Nimeikaanga kwanza ikome kuruka,
nikaitia katika kikombe cha udongo,
nikaiweka pale pale yanapokaa meno ya mbuzi.

Mbuzi za kukunia nazi, namaanisha.
Tumekaza meno elfu mbili tangu Mfungo Mosi
na Kongowea wameyarudisha kwa magunia:
Bi Swafiya, meno gani haya,
yanalegea kabla ya kifuu cha tatu?

Chumvi haina cheti, haina mhuri,
haimjui mwenye karakana.
Huyeyuka kwenye mia nane na moja,
iwe ya mchuzi wa maskini, iwe ya biriani ya harusi.

Kioo kinasema mia nane na moja.
Nachungulia kitunduni kwa miwani ya mchomeleaji.
Chembe zimekaa kitako kama wageni wasioaga.
Mia nane na kumi. Kavu.
Mia nane na thelathini. Kavu.
Jasho lanishuka mgongoni hadi kwenye ukanda;
chumvi yangu mimi ndiyo iliyoyeyuka, si ile.
Mia nane arobaini na sita,
pembe moja ikang'aa, ikalegea,
kikombe kizima kikawa jicho.

Arobaini na tano.
Nikaiandika kwa chaki mlangoni.
Sikuketi, nilihofia nisingeinuka.

Kwa maana Dzombo alisema.
Alisimama hapa hapa, mswaki wa mti mdomoni,
akasema, Bi mkubwa, rangi hii bado ni kunazi,
haijawa komamanga.
Nami nikamjibu mbele ya watu:
mtambo una tarakimu, wewe una mato tu.
Meno yaliporudi nikasema ni yeye,
anaendea pipa la mafuta kwa mwendo wa bwana harusi,
chuma kinapoa njiani.
Hatua saba. Nilizihesabu.
Nikamwandikia barua.

Asubuhi tanuri limepoa, nakichomoa kipimajoto.
Nakitia katika barafu ya muuza juisi: sifuri.
Nakitia katika sufuria inayotokota: mia,
mia kamili, hapa pwani hatuna mlima wa kusingizia.
Basi hakikusema uongo.
Kilisema kilichosikia.

Ila kimetoka kimepinda,
shingo imelalia upande wa koili
kama mtu anayesikiliza umbeya ukutani.
Miezi yote hii kilikuwa kinasoma moto wa waya,
si moto wa chuma.

Na mkono uliokipinda naujua.
Kumi la mwisho, magharibi inabisha hodi,
oda ya watu wa Likoni haijaingia,
nikasukuma rafu kwa ndoano, ikagota kitu,
nikasukuma tena.
Kilio kidogo, kama cha bati.
Nikajiambia, si kitu.

Nimekinyoosha. Nimekirudisha mahali pake, katikati.
Jana usiku chumvi ililegea kwenye mia nane na tatu,
na hizo mbili nawaachia wanaojua kuliko mimi.

Dzombo siku hizi anajaza mitungi ya maji, Mikindani.
Nimempigia leo tanuri likiwa linapanda.
Nimesema yote, na ndoano, na barua, na hatua saba.
Nyuma yake mitungi inagongana,
mtu anadai chenji.
Akanyamaza hata nikadhani salio limekwisha.
Kisha akauliza neno moja:

Rangi?

Nikainama kitunduni.
Kioo sikukiangalia.